Jamani, Hili Hema Linapumua!

Niseme jambo lenyewe kabla pumzi haijanikatika: nimepata hema ambalo mtu wa Dar es Salaam anaweza kulala ndani yake mwezi wa pili na bado akaamka anapendeza. Karibu ukuta wote wa ndani ni wavu! Sisemi kidirisha cha wavu mlangoni, wala kitundu cha hewa juu ya kichwa. Ni wavu kuanzia usawa wa goti hadi kileleni, mweusi, laini, wenye matundu madogo kiasi kwamba mbu wetu wa Kiwalani, ambao hawajui kubisha hodi, hubaki nje wakiimba. Juu yake linakuja koti la mvua, kipande cha peke yake kinachovalishwa na kuvuliwa upendavyo. Limetoka kwenye belo la mitumba pale soko la Karume, na pesa niliyotoa haifiki kodi ya mwezi ya chumba kimoja mtaani kwetu. Nimelisimamisha uani. Nimelimwagia maji. Nimelibeba kwa daladala hadi msitu wa Pugu na nikalala ndani yake. Nina wazimu nalo na sijifichi.

Mahema mengi yanayotufikia yalishonwa kwa ajili ya watu wanaoikimbia baridi. Mtu wa Norway anataka hema libane joto la mwili wake. Sisi joto hilo tunataka litoke upesi, tena lisirudi. Dar mwezi wa kwanza na wa pili usiku hauteremki sana chini ya nyuzi 25, na hata Julai, kipupwe kikivuma na abiria wa alfajiri wakivaa masweta kwenye daladala, kipimajoto kinasoma 18 au 19. Sasa ingia kwenye hema la kitambaa kimoja kisichopitisha hewa, funga zipu, laleni wawili. Pumzi zenu usiku kucha zinatoa maji ya kujaza glasi na kubaki. Maji hayo hayana pa kwenda. Yanapanda, yanakutana na kitambaa kilichopozwa na hewa ya nje, yanageuka matone, na saa kumi alfajiri yanaanza kukudondokea puani. Wengi huamka wakilalamika kwamba hema linavuja. Halivuji. Wanajinyeshea wenyewe!

Hili la wavu limeutibu ugonjwa huo kwa kuwa na kuta mbili. Mvuke unapita wavuni, unaligusa koti la nje, unakuwa maji huko huko na kuteremka hadi ardhini, na mlalaji hana habari. Usiku mkavu unalivua koti lote, unabaki umelala chini ya nyota ndani ya chandarua chenye sakafu. Nilipoona hivyo mara ya kwanza nilipiga kelele mpaka mdogo wangu akatoka bafuni na povu kichwani.

Tuje Karume. Mahema hayana kizimba chake pale. Yanajificha kwa wauza mabegi, kwa wauza viatu, mara nyingine yako chini kabisa ya lundo la makoti ambayo hakuna mtu wa pwani atakayeyavaa. Ukiuliza “mahema yapo?” utaelekezwa kwa wakodisha maturubai ya harusi. Uliza “zile nyumba za kukunja za kulalia porini” na kijana atakurushia kifurushi kirefu kilichofungwa kamba. Langu lilitua miguuni pangu hivyo hivyo.

“Dada, hilo la mtoni kabisa, mvua ya masika hailigusi.”

“Kaka, hapa kwako kuna kitu ambacho si cha mtoni?”

Alicheka, nami nikaanza kazi. Kwanza nilinusa. Ndiyo, ingiza pua ndani ya hema la mtumba kabla ya kuuliza bei! Upande wa ndani wa koti na sakafu hupakwa tabaka jembamba la plastiki, poliyurethani, ndilo linalozuia maji. Tabaka hilo likikaa miaka kwenye joto na unyevu, kwenye kontena, kwenye ghala, kwenye belo lililobanwa, linaoza taratibu. Dalili ni mbili: harufu kali ya kutapisha, na kitambaa kinachonata vidoleni. Ukikuta hivyo, weka chini, hata ukipewa bure. Hakuna fundi wala sabuni itakayolirudisha.

Kisha nguzo. Zivute, ziunganishe zote, zipinde. Nguzo za fiberglasi ni nzito kidogo na zikivunjika zinachanika nyuzi nyuzi zinazochoma mikono. Za alumini ni nyepesi na zikipata ajali zinapinda tu, unazinyoosha na safari inaendelea. Langu lina za alumini! Mpira unaopita ndani ya nguzo ulikuwa umelegea, ila huo ni ugonjwa mdogo, unanunua mpira mwembamba kwa wauza vifaa vya cherehani, unaupitisha, umemaliza. Baada ya hapo nililinyoosha koti juani na kulitazama kwa ndani, maana tundu hata la ncha ya sindano linajionyesha kwa mwanga. Mwisho zipu. Zipu moja ilikuwa inakimbia bila kufunga meno, na muuzaji akaanza kujihami. Sikumjibu, kwa sababu kile kilikuwa kisingizio changu cha kushusha bei. Zipu ya namna hiyo mara nyingi haijafa. Kichwa chake kimepanuka tu. Fundi mabegi wa pale Bombom alikibana kwa koleo, mara moja upande huu, mara moja upande ule, ikafunga.

Kwenye lebo utakuta namba: 1500 mm, 2000 mm, 3000 mm. Ni kipimo cha maji kweli kweli. Kitambaa cha 3000 mm kinaweza kubeba safu ya maji yenye kimo cha mita 3 kabla tone la kwanza halijapenya. Kwa koti la juu, 1500 inatosha mvua nyingi, kwa sababu maji yanateremka, hayakai. Sakafu ndiyo inayohitaji namba kubwa, kwani goti lako likikandamiza kitambaa juu ya udongo uliolowa linasukuma maji yapande. Langu linasoma 1500 juu na 3000 chini. Nilitaka kumkumbatia aliyelibuni.

Jaribio la uani lilikuwa burudani ya mtaa mzima. Mnajua Kiwalani kwetu kitambaa kikisimamishwa juu ya vyuma kati ya nyumba na nyumba maana yake ni mbili, harusi au msiba. Nilipokuwa bado nachomeka nguzo ya pili, jirani wa chumba cha mwisho alitoka ameshika kanga kifuani, uso umebadilika. “Mwanangu, kuna nini? Nani tena?” Nikamwambia, “Shikamoo mama, hakuna kitu, ni hema la kulalia tu.” Alilizunguka, akalibonyeza, akauliza litakaa watu wangapi wa kupika. Watoto walikuwa wameshaingia watano. Mama mwenye nyumba naye alitokea, si kwa hasira, ila kuhakikisha kwamba sipangishi uani kwake bila taarifa.

Na lilisimama haraka! Nguzo mbili zinazopishana katikati, ncha nne kwenye pembe nne, ndoano za plastiki zinanasa nguzo, basi, hema limejishika lenyewe hata kabla ya kigingi kimoja kuingia ardhini. Hii ni sifa kubwa kwa mtu wa mjini, kwa sababu ua wetu ni saruji na saruji haichomwi kigingi. Unaweza kulijaribu sebuleni, juu ya zege la ghorofa ambalo halijaisha, popote. Ukitaka kulihamisha unalinyanyua zima zima na kulisogeza, mbu wakiwa bado nje.

Kisha maji. Kopo la rangi lililotobolewa matundu ya msumari, ndoo ya lita 20, na mdogo wangu juu ya stuli ndiye masika. Mimi nilikuwa ndani nimejikunyata na kitambaa kikavu, nikipapasa kila mshono, ndege inayotua uwanja wa Nyerere ikipita juu yetu chini kiasi cha kuhesabu matairi, na watoto wakiomba zamu. Ndoo iliisha. Nikaomba nyingine. Sakafu kavu! Pembe moja tu ilionyesha unyevu, pale ambapo mkanda unaofunika mshono ulikuwa umeanza kubanduka, na hata hapo ilikuwa jasho, wala halikufika tone.

Lakini nisikudanganye kwamba nina mapenzi ya upofu. Maandishi yanasema “watu wawili”, na watengeneza mahema popote walipo wanapima watu wawili waliolala wamebana mikono, hawageuki, hawana begi. Chukulia ni la mtu mmoja mwenye nafasi au wawili wanaopendana. Vigingi vilivyokuja nalo ni vijiti vya waya mwembamba vinavyopinda ukivikanyaga. Nimevitupa, na fundi wa kuchomelea kanikatia vipande vya nondo nyembamba vyenye kichwa kilichopindwa. Halina kibaraza, yaani ile sehemu ya koti inayotokeza mbele ya mlango, kwa hiyo viatu vinalala nje au vinaingia nawe na udongo wake. Halafu kuna hili ambalo wanaume hawatakuambia: wavu ni wavu. Ukiwasha taa ndani usiku koti likiwa limevuliwa, kambi nzima inakuona kwenye sinema. Mimi natundika kanga mbili kwenye nguzo kwa ndani nikitaka kubadili nguo. Tatizo limekwisha, tena nyumba ya wavu inapendeza.

Kanga hizo zinanipeleka kwenye jambo ambalo limenifurahisha kuliko hema lenyewe, karibu. Nilipoanza kuandika orodha ya vifaa vya kambi, nilijikuta nazunguka chumba changu nikinyoosha kidole. Mkeka upo. Sufuria zipo. Kidumu kipo. Panga lipo, la kufyekea majani. Shuka zipo. Nyumba ya kawaida ya uswahilini inayoishi kwa mgao wa maji na umeme unaokatika imeshajiandaa kwa kambi bila kujua. Wenzetu wa nchi baridi huanza na orodha ndefu ya kununua kwa sababu nyumba zao zina jiko lililojengwa ukutani na kitanda kisichohamishika. Sisi tunahitaji kununua vitu vichache tu, na fedha yote iende huko.

Kitanda, kwa mfano. Mkeka wa ukili chini, juu yake kigodoro chembamba cha sponji kilichokunjwa, juu ya kigodoro shuka. Mkeka unatenganisha sakafu na jasho, sponji inatenganisha mbavu na mizizi. Watu wanadhani baridi ya porini inatoka hewani; sehemu kubwa inatoka chini, ardhi ikikunyonya joto usiku kucha, na ndiyo maana mtu mwenye blanketi nzito juu na kitu chembamba chini hutetemeka. Kwa Pugu, Kigamboni, Bagamoyo, Saadani, hilo na shuka la Kimasai limetosha. Begi la kulalia, lile refu la zipu? Acha! Utalifungua saa tano usiku na kulitupa miguuni.

Ila ukipanda milima hesabu inageuka, na inageuka kwa kanuni: kila mita 1,000 unazopanda, hewa inapoa kwa nyuzi 6 au 7 hivi. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari, kwa hiyo toa nyuzi tisa kwenye usiku wa Dar. Kambi ya Barafu kwenye Kilimanjaro imevuka mita 4,600, na huko maji ya kunywa yanaganda ndani ya chupa. Hapo begi la kulalia ni uhai. Kwenye lebo yake kuna namba mbili au tatu za nyuzi joto. Soma ile ya joto kubwa zaidi, kwa maana ndiyo utakayolala kwa raha, zile nyingine ni za kunusurika. Wala usilinunue kwa safari moja. Moshi mjini kuna maduka yanayokodisha mabegi, makoti, viatu na fimbo za kupandia, na wapandaji wengi wanaovishwa vizuri kwenye picha za kileleni hawakumiliki hata soksi.

Tochi ya kichwani! Kama pesa yako inatosha kifaa kimoja tu, acha hema, nunua hii. Nimeishi miaka yote nikiishika simu kwa meno ili nione ninachokata, na sasa mikono yangu miwili iko huru gizani. Umeme ukikatika Kiwalani mimi ndiye ninayemalizia kukaanga samaki. Usibabaishwe na namba kubwa za mwanga zilizochapwa kwenye boksi zisizo na jina la mtengenezaji. Mwanga wa lumeni 100 au 200 unatosha kutembea, kupika na kutafuta choo. Tafuta yenye mambo mawili: inayochajiwa kwa waya uleule wa simu yako, na yenye taa nyekundu. Taa nyekundu haikupofushi ukirudi gizani, haimulikii jirani usoni, na inavuta wadudu wachache. Faida yake ya nne niliikuta Pugu, nakuja huko.

Jiko limenipa mawazo. Mtungi wa kilo 6 tunaoutumia nyumbani, ule wa kichomeo juu, ni mzuri sana mpaka uubebe: gesi kilo 6, na chuma kinachoizunguka kinakaribia uzito huohuo au kuuzidi. Kilimanjaro mpagazi anawekewa kikomo cha kilo 20 na mzigo unapimwa getini. Wewe hutaki kutumia zaidi ya nusu ya mgongo wako kwa ajili ya chai. Kuna majiko madogo bapa yanayotumia mkebe wa gesi wa gramu 220 hivi, unaingizwa ubavuni na kufungwa kwa kishikio. Hilo ndilo langu. Linabebeka kwenye mfuko wa sokoni, linachemsha maji ya watu wawili mara nyingi kwa mkebe mmoja. Mkebe huo kwa kawaida ni gesi ya butani, ambayo inaacha kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi sifuri. Pwani haina shida hata kidogo. Mlimani litakuzimikia mkononi, huko unahitaji mkebe uliochanganywa propani. Na mkebe wa gesi haupandi ndege, uwe umejaa au umebaki robo.

Mkaa nimeuacha nyumbani kwa makusudi. Serikali ina mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na misitu inayouzunguka mji huu, Pugu na Kazimzumbwi hasa, imechomwa mkaa miaka nenda rudi kulisha majiko yetu. Kwenda kulala kwenye msitu huohuo na gunia la mkaa ni kejeli. Jambo moja tu, na hapa sina utani: usipike ndani ya hema, hata mvua ikinyesha, hata mlango ukiwa wazi. Moshi usioonekana wa moto unaokosa hewa unaua mtu akiwa usingizini bila harufu wala kikohozi.

Maji: kidumu cha lita 5 kila mtu kwa usiku mmoja na asubuhi yake, ukijumlisha kupika. Ukichota mtoni, chemsha mpaka yatokote kweli, dakika moja nzima baada ya mapovu makubwa. Sanduku la dawa: plasta, dawa ya kuharisha, vidonge vya maumivu, dawa ya kupaka ya mbu. Tumeshamaliza hapo.

Basi mimi na mdogo wangu tukaenda Pugu! Kutoka Kiwalani huhitaji gari la mtu. Unashika daladala Barabara ya Nyerere, Banana, Ukonga, Gongo la Mboto, Pugu Kajiungeni, mji unapungua nyumba kwa nyumba, na ghafla mbele kuna vilima vya kijani ambavyo nusu ya wakazi wa Dar hawaamini kwamba vipo. Unapita jirani na shule ya Pugu alikofundisha Mwalimu Nyerere katika miaka ya mwanzo ya 1950, kabla siasa za TANU hazijamlazimisha kuacha chaki mwaka 1955. Vilima hivi vina udongo mweupe wa kaolini uliochimbwa miaka mingi, na mashimo ya machimbo hayo leo ndiyo mapango ya popo. Msitu unasimamiwa na TFS, wakala wa serikali wa misitu. Unajisajili, unalipa kiingilio, unauliza mahali pa kupiga kambi na kama moto unaruhusiwa. Kuuliza ni bure na kunakuepusha na mgambo wa usiku.

Kuchagua mahali ni nusu ya ufundi. Tazama juu kwanza: tawi kavu lililonasa halisubiri upepo mkubwa. Tazama chini: kimkondo kidogo kilichokauka ni njia ya maji, hata kama leo ni vumbi. Tazama kando: msafara wa siafu ukiuona mchana, usiku unaweza kupitia njia ileile. Tulipata kijuu kidogo chenye majani mafupi, mlango tukauelekeza upande wa upepo unaotoka baharini, maana lengo letu ni hewa. Vigingi vya nondo viliingia kwa jiwe, vimeinamia nje ya hema, kamba zikavutwa kwa fundo linaloteleza. Mchangani, Kigamboni kwa mfano, vigingi havishiki kabisa. Jaza mchanga kwenye mifuko, funga kamba katikati ya mfuko, ufukie. Hema litashika mpaka asubuhi.

Kwenye giza la saa mbili tukavua koti la mvua, na jamani, hewa! Upepo ulipita hemani mwetu ukaingia huku ukatokea kule, kanga zikipepea. Mdogo wangu, ambaye alikuja kwa sababu mama alimlazimisha kunisindikiza, alikuwa wa kwanza kusema tubaki siku mbili. Kitu kikaanza kulia juu ya miti, kwa mkatiko, kikanyamaza, kikajibiwa upande wa pili. Komba! Nikabonyeza taa nyekundu, na hii ndiyo faida ya nne: mwanga mweupe unawaumiza macho na wanakimbia, mwekundu hauwashughulishi sana. Tuliona macho mawili yakiruka kutoka tawi hadi tawi. Msitu huu ni miongoni mwa misitu michache ya pwani ya Tanzania anamoishi komba mdogo wa Rondo, kiumbe cha gramu 60 hivi, kilichoelezwa kisayansi katika miaka ya 1990 na kupewa jina la uwanda wa Rondo kule Lindi. Amewahi kuwekwa kwenye orodha ya wanyama 25 wa jamii ya nyani walio hatarini zaidi duniani. Wa kwetu alikuwa wa aina gani, nawaachia wenye vinasa sauti, kwani komba hawa wataalamu huwatofautisha kwa milio. Mimi nilikuwa nimelala chali kwenye mkeka wangu nikimtazama kupitia wavu, mwendo wa nauli ya daladala kutoka nyumbani!

Mvua ilikuja saa tisa. Haikuwa kubwa, mvua ya dakika kumi na tano ya pwani. Kuvalisha koti gizani huku unanyeshewa ndipo tochi ya kichwani ilipolipa deni lake lote. Ndoano nne, kamba mbili, ndani. Asubuhi koti lilikuwa na matone pande zote mbili, nje ya mvua na ndani ya pumzi zetu, na sisi katikati tulikuwa wakavu, shuka kavu, mkeka mkavu. Ile pembe ya mkanda uliobanduka ilitoa jasho kidogo tena. Nitaibandika mkanda mpya kabla ya vuli.

Kazi iliyobaki ni ya nyumbani na ni ya lazima: hema likirudi linaanikwa, kivulini, mpaka likauke mishono na pembe zake, ndipo likunjwe. Likikunjwa na unyevu kwenye joto la Dar linaota ukungu ndani ya siku chache, na ile harufu niliyokuambia uinuse Karume inaanza kuzaliwa. Kamba ya kuanikia nguo ya uani kwetu inalibeba vizuri, ingawa jirani wa chumba cha mwisho bado analitazama kwa wasiwasi.

Safari inayofuata ni Morogoro. Treni ya SGR inabeba abiria kwenda huko tangu Juni 2024, ina kituo Pugu, na milima ya Uluguru inapanda zaidi ya mita 2,600, kwa hiyo kwa mara ya kwanza nitahitaji blanketi nzito na kuliacha koti la hema likiwa limevaliwa usiku wote. Na kwako unayesoma huku unahesabu noti: wakati napita Karume juzi jioni kulikuwa na jingine, la kijani, la watu watatu, lina kibaraza, limening'inia kwa muuza mabegi yuleyule. Nimelinusa, halina harufu. Nguzo ni alumini. Zipu ya mlango wa nyuma inakimbia bila kufunga. Usimwambie kwamba inatengenezeka.